Kima wa usiku ni mmoja au ni tisa?

Leticia iko kwenye ncha ya kusini ya Kolombia, pale ambapo nchi hiyo inapenyeza kidole chake kati ya Peru na Brazili hadi kuugusa Mto Amazon. Ukitembea mtaani kwa mguu unajikuta Tabatinga, Brazili. Ukipanda boti na kuvuka mto unashuka Santa Rosa, Peru. Wenyeji hupita huku na huko kama watu wa mtaa mmoja, na kwa miongo kadhaa wawindaji walipita nao wakiwa na mzigo wa namna yake: kima wadogo wa usiku, waliokamatwa hai kwenye matundu ya miti wanamolala mchana. Wawindaji walikata kwanza miti inayouzunguka ule wa kulala, ili kima akishtuka asiwe na tawi la kurukia. Wateja walikuwa maabara.

Mnyama mwenyewe ana uzito wa kilo moja hivi. Ana manyoya ya kijivu, mistari mitatu myeusi usoni, na macho makubwa ya kahawia ambayo Mswahili akiyaona gizani atasema bila kusita kwamba ni komba. Si komba. Komba yuko tawi jingine kabisa la ukoo huu mpana, ilhali huyu ni kima kamili, wa jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) iitwayo Aotus, na ndiyo jenasi pekee ya kima duniani iliyochagua usiku. Dume na jike huishi wawili wawili, na baba ndiye hubeba mtoto mgongoni karibu muda wote, mama akimchukua kumnyonyesha tu. Kiswahili hakina jina lake, nami nitamwita kima wa usiku.

Sasa kesi yenyewe. Kibali cha kukamata kima upande wa Kolombia kilitaja spishi moja, Aotus vociferans. Mwanabiolojia wa Kolombia Ángela Maldonado na wenzake waliifuatilia biashara hiyo, na mwaka 2009 wakachapisha waliyoyaona: miongoni mwa kima waliouzwa walikuwemo Aotus nancymaae waliotoka ng'ambo, Peru na Brazili. Uzito wa madai hayo ni wazi. Kima wote wa jenasi hiyo wamo kwenye mkataba wa CITES wa biashara ya wanyamapori, na mnyama akivushwa mpaka wa nchi bila karatasi, hiyo ni magendo. Shauri likafika Baraza la Dola, ambalo Kolombia ndiyo mahakama ya juu katika mambo ya utawala, na mwaka 2013 likafuta vibali.

Haya yote yalisimama juu ya jina. Na jina la pili, nancymaae, halikuwepo kwenye kitabu chochote cha sayansi kabla ya mwaka 1983. Mnyama alikuwepo mtini kwake tangu enzi. Ila mtu aliyevuka naye mto mwaka 1975, kwa sayansi ya siku hizo, alikuwa amevusha kima yuleyule aliyeko pande zote mbili. Kati ya miaka hiyo miwili nini kilibadilika? Si kima.

Damu ya kima na watoto wa Idete

Kwanza tuseme kwa nini maabara zilimtaka, maana hapo ndipo fumbo lilipoanza kufumbuka. Mwaka 1967 watafiti wawili Wamarekani, Geiman na Meagher, walionyesha kwamba kima wa usiku anaweza kuambukizwa Plasmodium falciparum, kile kimelea cha malaria kinachoua watoto wetu. Wanyama wanaokubali kimelea hicho ni wachache mno. Panya wa maabara hakikubali. Basi kima huyu akawa dhahabu: dawa mpya na chanjo mpya zikajaribiwa kwake kabla ya kumfikia binadamu.

Chanjo mojawapo iliyopita njia hiyo ni SPf66 ya Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia, na wasomaji wa Morogoro huenda wanaikumbuka, maana ilijaribiwa kijijini Idete, bonde la Kilombero. Watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano walishiriki, na matokeo yalitoka mwaka 1994: kinga ya asilimia 31. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga, na chanjo ikawekwa kando. Sisemi kwamba ilianguka kwa sababu ya kuchanganya spishi za kima. Hakuna anayeweza kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba safari iliyoishia kwenye mkono wa mtoto wa Idete ilianzia kwenye kima wa Amazon, na ukimtegemea mnyama kukupa jibu, ni vizuri ujue ni nani.

Maabara zilianza kugundua kwamba hazijui. Kima walinunuliwa bandari hii na ile, wengine Kolombia, wengine Peru, wengine Bolivia au Panama, na wote waliandikwa jina moja. Lakini hawakuugua malaria kwa namna moja: wa kaskazini walikuwa wepesi kuambukizwa, baadhi ya wa kusini walikuwa wagumu. Na wafugaji walipowaweka dume wa huku na jike wa kule kwenye kizimba kimoja, mara nyingi uzazi ulikuwa hafifu. Jozi zilipendana vizuri tu. Watoto ndio walikuwa adimu.

Jina hilo moja lilitoka kwa Alexander von Humboldt, aliyekutana na mnyama huyu kwenye safari yake ya Orinoco, na maelezo yake yakatoka mwaka 1811: trivirgata, mwenye mistari mitatu. Wengine baada yake walitoa majina chungu nzima, lakini kufikia katikati ya karne ya ishirini yote yalikuwa yamekunjwa na kuwekwa ndani ya lile la kwanza. Kuanzia Panama mpaka kaskazini mwa Argentina, mwendo wa maelfu ya kilomita, alikuwepo Aotus trivirgatus mmoja tu.

Kanga isiyokatwa

Miaka ya 1970 wataalamu wa maabara walianza kuhesabu kromosomu za kima hawa, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, na hesabu zikakataa kufanana. Wengine walikuwa na 46. Wengine 54. Leo tunajua kwamba ndani ya jenasi hii idadi inaanzia 46 na kufika 58. Kwa mnyama aliyedhaniwa kuwa spishi moja hilo lilikuwa jambo la kuwashtua.

Hapa lazima niweke breki, kwa kuwa wengi wakisikia idadi tofauti hudhani kwamba mwenye 58 ana kitu cha ziada. Fikiria doti la kanga. Ukilinunua dukani ni kipande kimoja kirefu. Ukilikata katikati na kupinda kingo unazo kanga mbili, lakini kitambaa ni kilekile, na maandishi ni yaleyale. Kromosomu hufanya hivyo katika historia ya viumbe: mbili huungana zikawa moja, au moja ikakatika zikawa mbili, bila jeni kupotea kwa kiasi cha kutajwa. Ndiyo maana Aotus vociferans ana 46, sawasawa na mimi na wewe, na hilo halimfanyi kuwa ndugu yetu wa karibu kuliko sokwe mwenye 48.

Shida hutokea kwenye uzazi. Mbegu ya kiume au yai likitengenezwa, kila kromosomu iliyotoka kwa baba lazima ipatane na mwenzake iliyotoka kwa mama, zishikane, kisha ziachane, moja huku na moja kule. Chotara aliyepokea doti zima upande mmoja na kanga mbili zilizokatwa upande wa pili ana vipande vitatu vya kupatanisha. Tofauti ikiwa moja, mara nyingi mambo hupita. Zikiwa nne au tano kwa pamoja, mgawanyo huenda kombo, mayai na mbegu hubeba jeni pungufu au za ziada, na mimba haziingii au haziendi mbali. Wafugaji wa maabara walikuwa wakiona tatizo hilo kwenye vizimba, ila hawakuwa na jina lake.

Ndipo mwaka 1983 Philip Hershkovitz, mzee wa Field Museum ya Chicago aliyeijua ngozi ya kila kima wa Amerika Kusini, alipochukua hesabu hizo za kromosomu akaziweka mezani pamoja na ngozi za makumbusho. Kima wakagawanyika makundi mawili. Wa kwanza wana shingo ya kijivu au kahawia pembeni, na wengi wao wanaishi kaskazini ya Amazon. Wa pili wana rangi ya chungwa kifuani inayopanda mpaka pembeni mwa shingo, na wengi wanaishi kusini. Ndani ya makundi hayo aliona spishi tisa. Mbili zilikuwa mpya kabisa kwa sayansi, na kwa uungwana akazipa majina ya waliozihesabu kromosomu: brumbacki kwa Roger Brumback, na nyingine kwa Nancy Ma.

Kwa Nancy Ma aliteleza. Aliandika nancymai, na kwa Kilatini mwisho huo ni wa mwanamume. Ilibidi baadaye jina lirekebishwe kuwa nancymaae. Kiswahili kingemwepusha na aibu hiyo, kwa kuwa kwetu “yeye” ni yeye.

Basi, tisa. Je, mambo yakaisha? Ndiyo kwanza yalianza. Mtazame Aotus azarae wa Bolivia, Paragwai na Argentina. Jike ana kromosomu 50. Dume ana 49. Ni baba na mama wa nyumba moja, wanalea mtoto pamoja, na idadi zao hazilingani. Sababu ni kwamba kromosomu ya kiume, ile Y, imejibandika kwenye kromosomu nyingine, kwa hiyo dume anahesabika na kipande kimoja pungufu. Au mtazame griseimembra wa kaskazini mwa Kolombia: ndani ya kundi lilelile utakuta wenye 52, wenye 53 na wenye 54, na wanazaliana. Kwa hiyo yule aliyedhani amepata kipimo cha uhakika, kwamba idadi tofauti ni spishi tofauti, anakuta kipimo kimemponyoka mkononi. Inabidi aulize swali gumu zaidi: ni kromosomu zipi zilizoungana, na je, muungano huo unazuia uzazi au hauzuii?

Kinyume chake kipo pia. Hershkovitz alimpa infulatus wa mashariki mwa Brazili cheo cha spishi kwa sura yake. Wakaguzi wa baadaye walimkuta na Y iliyojibandika vilevile kama ya azarae, dume 49 na jike 50, na DNA yake ikakaa ndani ya ukoo wa azarae. Siku hizi wengi humhesabu kama nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi, ya azarae. Mtu mmoja alitoa cheo, kipande cha Y kikakirudisha.

Mto uliowahi kuwa ukuta

Kabla ya kromosomu na DNA kulikuwa na mto. Alfred Russel Wallace alikaa Amazon miaka minne, akapoteza karibu mikusanyo yake yote meli ilipowaka moto baharini, na alipofika London mwaka 1852 akasoma mbele ya wanazuoni makala fupi kuhusu kima wa huko. Alichokuwa amebaki nacho zaidi ni kumbukumbu, na jambo lililomkaa kichwani lilikuwa mito: Amazon, Negro na Madeira ilikuwa mipaka ambayo spishi fulani hazivuki. Wawindaji wenyeji walilijua hilo kitambo, wakimwambia mnyama fulani aende akamtafute ng'ambo gani. Wallace aliwalaumu wakusanyaji wenzake walioandika kwenye kibandiko “Mto Amazon” bila kusema ukingo upi, na lawama hiyo ingali na maana: ngozi nyingi za zamani kwenye makumbusho hazitusaidii leo kwa kosa hilohilo.

Mwenye haraka angesema, basi tumalize: mto ndio mpaka, kila ukingo spishi yake. Wallace mwenyewe aliona kwamba haiendi hivyo. Ukipanda kuelekea chanzo, mto hupungua upana, na kima walewale wanaonekana pande zote mbili. Zaidi ya hapo, mito ya nyanda za chini ni yenye kupinda kama nyoka. Kona ikizidi kujikunja, mafuriko ya mwaka mmoja hukata njia ya mkato, na kipande cha msitu kilichokuwa kusini kinaamka kikiwa kaskazini, pamoja na kima wake ambao hawakupiga mbizi hata mara moja. Aotus nancymaae ni wa kundi la shingo ya rangi ya chungwa, na kwa kanuni anapaswa kuwa kusini. Lakini wapo wanaoishi ukingo wa kaskazini kule Peru, kati ya mito Tigre na Pastaza, ndani ya nchi ya shingo za kijivu.

Tatizo la mto ni kubwa zaidi ya hilo. Kipimo bora cha kujua kama makundi mawili ni spishi mbili ni kuwakuta wakiishi msitu mmoja bila kuzaliana. Wamekutana, wangeweza, hawakufanya: ushahidi mtupu. Lakini karibu kila kima wa usiku ana eneo lake, na jirani yake yuko ng'ambo. Huwezi kusema watu wawili wamegombana kwa sababu tu hawajawahi kukutana. Kizimba cha maabara hakitoi jibu kamili pia, kwa sababu mnyama aliyefungwa bila chaguo hukubali asiyemkubali porini.

Umri wa mkorosho

DNA ilipofika, wengi walitarajia imalize ubishi. Imefanya mengi, ila ubishi imeuhamishia mahali pengine.

Miaka ya 1990 kazi nyingi zilitumia DNA ya mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, kwa kuwa ni rahisi kuisoma. Hiyo hurithiwa kwa mama peke yake. Ni sawa na kuandika historia ya ukoo kwa kumfuata mama, na mama yake, na bibi yake, bila kumtaja baba hata mmoja. Utapata hadithi ya kweli, lakini si ya ukoo mzima. Chotara mmoja wa kike zamani anaweza kuingiza mitokondria ya jirani ndani ya kundi, ikaenea, na anayesoma leo akadhani makundi mawili ni kitu kimoja.

Hata ukisoma jeni za kiini, ziko nyingi na kila moja ina hadithi yake. Chukua ndugu wawili waliogawana shamba la mikorosho la baba yao. Kila mmoja ameondoka na miti ya umri mbalimbali: mingine alipanda babu, mingine baba. Ukitaka kujua ndugu hao waligawana lini, usipime umri wa mkorosho mmoja, kwa maana mti ulikuwepo kabla ya mgawanyo. Tofauti za jeni nazo nyingi zilikuwepo ndani ya kundi la wazazi kabla halijagawanyika. Jeni moja itasema makundi haya yaliachana miaka milioni tatu iliyopita, nyingine itasema milioni moja, nyingine itakwambia A ni ndugu wa B, ya jirani yake itasema A ni ndugu wa C. Hakuna iliyodanganya. Ndiyo sababu siku hizi husomwa maelfu ya vipande kwa pamoja, na programu za kompyuta hupiga hesabu ya mgawanyo unaoelezea mikorosho yote kwa wastani.

Programu hizo zina hila yake. Mwaka 2017 Jeet Sukumaran na Lacey Knowles walionyesha kwamba hesabu ya aina hiyo, ikipewa data nyingi, hutambua kila mpasuko uliopo, hata ule wa makundi ya spishi moja yaliyotengana kwa muda mfupi. Kompyuta inaona ufa. Kama ufa huo ni wa ukuta unaoanguka au wa plasta tu, haijui. Mimi naliona hilo kuwa onyo muhimu kuliko yote katika mjadala huu, kwa sababu wingi wa data unavutia, na mtu akiwa na jenomu nzima mkononi ni rahisi kusahau kwamba swali la spishi halikuwa swali la data.

Lilikuwa swali la maana ya neno. Kwa Ernst Mayr, aliyeandika mwaka 1942, spishi ni kundi la wanaozaliana wao kwa wao na wasiozaliana na wengine. Kwa Joel Cracraft, mwaka 1983, ni kundi dogo kabisa linalotambulika kwa alama yake na lenye asili moja. Kuzaliana na jirani si hoja. Fasili ya pili ndiyo Colin Groves aliyoitumia kwa kima wote duniani kwenye kazi yake ya mwaka 2001, na kwa fasili hiyo orodha lazima irefuke, kwani nususpishi yoyote yenye alama ya kudumu inapanda cheo. Waliopinga waliita hali hiyo mfumuko, kama wa bei.

Kevin de Queiroz alijaribu kupatanisha. Alisema wote wanakubaliana juu ya kitu kimoja: spishi ni mkondo wa vizazi unaokwenda njia yake peke yake. Rangi, kromosomu, DNA, kutozaliana, vyote ni dalili, na dalili hazitokei kwa mpangilio mmoja. Mtoto mmoja huota meno kabla ya kutambaa, mwingine hutambaa bila jino. Ukisema mtoto amekua siku ya jino la kwanza, umejitafutia ugomvi na mama wa yule wa pili. Kima wa usiku walianza na kromosomu, sura ikachelewa. Usiku rangi haina faida kubwa. Wapo kima wengine walioanza na rangi.

Wanaoongezeka na waliopunguzwa

Hao ni kima waitwao titi, majirani wa mchana wa kima wa usiku, nao pia huishi wawili wawili. Hershkovitz huyohuyo alisema mwaka 1963 kwamba titi ni spishi mbili. Mwaka 1990, mzee zaidi na ngozi nyingi zaidi mezani, akasema 13. Mwaka 2002 Marc van Roosmalen na wenzake wakafika 28, na mwaka 2016 Hazel Byrne na wenzake wakaigawa jenasi yenyewe kuwa tatu. Sehemu ya ongezeko hilo ni wanyama wapya kweli: Plecturocebus grovesi, aliyeelezwa mwaka 2019 kutoka Alta Floresta, kati ya mito Juruena na Teles Pires, alithibitishwa kwa sura na kwa maelfu ya vipande vya DNA, na jina alipewa kwa heshima ya Groves. Lakini sehemu kubwa ni nususpishi za zamani zilizopandishwa cheo fasili ilipobadilika. (Mmoja wa titi wa Bolivia, aureipalatii, ana jina lililouzwa kwa mnada mwaka 2005, kasino ya mtandaoni ililipa dola 650,000, na fedha zikaenda kwenye hifadhi ya Madidi. Mwenye kutaka kucheka na acheke, lakini askari wa hifadhi walipata mishahara.)

Wanaodhani uainishaji huenda upande mmoja tu, wa kugawa, wamtazame kima wa sufu. Mwaka 1963 Jack Fooden alimhesabu kuwa spishi mbili. Groves mwaka 2001 akawafanya wale wa nyanda za chini kuwa spishi nne, na yule wa milimani Peru, mwenye mkia wa njano, akampa jenasi yake peke yake. DNA iliposomwa kwa upana, wale wanne wakaonekana wamechanganyikana mno kuwa spishi, na wa milimani akarudi nyumbani kwa jamaa zake. Sasa ni wawili tena, kama 1963. Huyo wa milimani ana historia ya pekee: Humboldt alimpa jina bila kumwona mzima, kwa ngozi ambazo wachunga nyumbu walitandika juu ya matandiko yao, na baada ya miaka mingi ya kudhaniwa ametoweka, wanasayansi walimkuta tena hai mwaka 1974.

Kuna makosa ya kugawa na makosa ya kuunganisha, na hayana gharama sawa. Ukigawa kupita kiasi, makundi madogo yanahesabiwa peke yake, unakataza kuchanganya wanyama ambao wangesaidiana, na fedha kidogo za uhifadhi zinatawanyika. Ukiunganisha kupita kiasi, mnyama anaweza kwisha wakati karatasi inasema wapo tele. Msitu wa kusini mwa Amazon unavyokatwa, mimi naogopa zaidi kosa la pili, ingawa namwelewa anayeogopa la kwanza.

Turudi Leticia. Makala za malaria za miaka ya 1960 na 1970 ziko kwenye maktaba, na karibu zote zinamtaja Aotus trivirgatus. Trivirgatus halisi anaishi kaskazini ya Amazon, upande wa Negro na Orinoco. Wengi wa waliotajwa hawakuwa yeye. Anayetaka kuyatumia matokeo hayo leo anatafuta ndani ya makala bandari waliponunuliwa, au kama bahati ipo, idadi ya kromosomu, halafu anakisia.

Msituni nako kuna kisa kingine. Kima waliomaliza kutumika maabara hawakuuawa wote. Wengi waliachiwa huru kwenye misitu ya karibu na Leticia, waliotoka Kolombia na waliotoka ng'ambo. Mtafiti akipanda boti leo, amulike tochi mtini upande wa Kolombia, akaona shingo ya rangi ya chungwa, ana maelezo matatu mkononi: kima huyo ni mwenyeji wa zamani ambaye hakuna aliyemwandika, au mto ulikata kona na kumwacha hapo, au babu yake alifika ndani ya kizimba. Hesabu ya kromosomu itasema 54, idadi ya nancymaae, kwa wote watatu.